Viini vya Atomi Vinavyozunguka: Jinsi Umbo Linavyosomwa Katika Mistari ya Gama

Mwaka 1986, katika maabara ya Daresbury iliyoko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kundi la wanafizikia lililoongozwa na Peter Twin lilichapisha mchoro wa mionzi ya gama iliyotoka katika viini vya disprosi-152 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini), na katika mchoro huo ilionekana mistari 19 iliyopangana kwa nafasi zinazokaribia kulingana kabisa. Mstari wa chini ulikuwa na nishati ya kiloelektronivolti 602, kwa kifupi keV 602. Wa juu ulifika keV 1449. Na kutoka mstari mmoja hadi unaofuata palikuwa na tofauti ya keV 47 hivi. Kutokana na mistari hiyo watafiti walieleza kwamba kiini kile kilikuwa kimerefuka hadi urefu wake ukakaribia mara mbili ya upana wake, na kwamba kilikuwa kikizunguka huku kimebeba mzunguko mkubwa ajabu kwa kitu kidogo kiasi hicho. Hakuna hadubini iwezayo kutuonyesha umbo la kiini kinachodumu kwa muda mfupi namna hiyo, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza ni vipi safu ya mistari inaweza kugeuzwa kuwa umbo, na ni wapi usomaji huo unapokoma kuaminika.

Tuanze na jambo linaloshangaza wengi: kiini cha mviringo kamili hakiwezi kuzunguka, angalau si kwa maana ya kizima chake kuzunguka kwa pamoja. Katika fizikia ya kwanta, kitu ambacho kikigeuzwa kinabaki sawasawa na kilivyokuwa hakihesabiwi kuwa kimefanya mwendo wowote, na hakuna kiwango cha nishati kinacholingana na kugeuka huko. Ndiyo maana viini vya mviringo, kwa mfano risasi-208, vina viwango vya nishati vilivyotawanyika bila mpangilio rahisi, kwa kuwa njia yao kuu ya kupata spini, yaani kiasi cha mzunguko, ni protoni au nyutroni mojamoja kubadilisha njia yake ndani ya kiini. Kiini kilichorefuka ni habari nyingine. Kikigeuzwa kwa kupitia mhimili uliokata urefu wake, mahali pake angani panabadilika, kwa hiyo mzunguko unakuwa na maana, na nishati yake inapangika kwa utaratibu.

Wazo kwamba viini vingi havina umbo la mviringo lilichukua sura kamili mwanzoni mwa miaka ya 1950. James Rainwater alionyesha mwaka 1950 kwamba chembe chache za nje, yaani protoni au nyutroni, zinaweza kuuvuta mwili mzima wa kiini hadi ukarefuka. Aage Bohr, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Columbia pamoja naye wakati huo, alikuwa akifikiria jambo hilohilo, na baadaye akiwa Copenhagen pamoja na Ben Mottelson alijenga nadharia nzima ya viini vinavyozunguka na kutetemeka kama mwili mmoja. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1975.

Kanuni yao ya mzunguko ni fupi kiasi kwamba inaweza kuelezwa kwa maneno. Chukua spini ya kiini, izidishe kwa namba inayoifuata, kisha gawanya kwa mara mbili ya momenti ya inesha, yaani kipimo cha ugumu wa kukizungusha kitu; hiyo ndiyo nishati ya mzunguko. Spini hupimwa kwa kizio kinachopatikana kwa kugawanya kigezo cha Planck kwa mara mbili ya pai, na katika viini vyenye protoni shufwa na nyutroni shufwa mfululizo wa msingi huwa na spini 0, 2, 4, 6 na kuendelea, kwa sababu ncha mbili za kiini hazina tofauti. Kiini kilichochangamshwa hushuka vidato hivyo kimoja baada ya kingine, na kila kinaposhuka hutoa mwonzi mmoja wa gama wenye nishati sawa na tofauti ya vidato viwili. Tofauti hizo zenyewe huongezeka kwa kiasi kilekile kila hatua, na hapo ndipo inapotokea ile safu ya mistari yenye nafasi sawa. Nafasi kati ya mistari ni 4 ikigawanywa kwa momenti ya inesha: mistari ikikaribiana, kiini ni kigumu kuzungushwa, ikiachana, ni chepesi.

Urani-238 ni mfano mzuri kwa sababu vipimo vyake vinajulikana vyema. Vidato vyake vya kwanza juu ya hali ya chini kabisa viko keV 45, 148, 307 na 518, kwa spini 2, 4, 6 na 8. Kiini kinachozunguka kikamilifu kingepaswa kuwa na kidato cha spini 4 chenye nishati mara 3.33 ya kile cha spini 2, na hapa tunapata mara 3.3. Hata hivyo ukitoa mstari mmoja katika mwingine utaona nafasi zinapungua kidogo kidogo, kutoka keV 59 hadi 55 kisha 52 hivi, maana yake ni kwamba momenti ya inesha inakua kadiri kiini kinavyozidi kuzunguka. Badiliko hilo dogo ndilo linaloanza kututia mashaka juu ya wepesi wa kusoma umbo moja kwa moja.

Mashaka yanakuwa makubwa zaidi tukilinganisha namba. Momenti ya inesha ya urani-238 katika spini ndogo ni takribani 67, kwa kizio kinachotumika katika fani hii, yaani mraba wa kizio cha spini ukigawanywa kwa megaelektronivolti moja, MeV. Ile ya mfululizo wa disprosi-152 uliopatikana Daresbury ni takribani 85. Urani ina chembe 238 na disprosi ina 152 tu, lakini disprosi ndiyo ngumu zaidi kuzungushwa! Urefu wa disprosi hautoshi kueleza tofauti hiyo. Ukikokotoa momenti ya inesha ya urani kana kwamba ni kitu kigumu chenye umbo lake halisi, utapata karibu mara mbili ya kile kinachopimwa.

Sababu iko ndani ya kiini. Katika spini ndogo, protoni hujipanga mbili mbili na nyutroni hivyohivyo, kila jozi ikiwa na mizunguko inayofutana, na jozi zote kwa pamoja hutenda kama kimiminiko kisicho na msuguano. Aliyewahi kuzungusha yai bichi mezani na kulilinganisha na lililochemshwa anajua kinachotokea: la kuchemshwa huzunguka lote kama kitu kimoja, ilhali katika yai bichi ganda linazunguka na sehemu kubwa ya kilichomo ndani inabaki nyuma. Kiini cha urani katika spini ndogo kiko karibu na yai bichi. Kadiri spini inavyopanda, nguvu itokanayo na mzunguko huzivunja jozi hizo na kuzilazimisha chembe kuelekeza mizunguko yao upande mmoja na kiini kizima, na momenti ya inesha hupanda kuelekea ile ya kitu kigumu. Mwaka 1971 watafiti wa Stockholm waligundua kwamba katika baadhi ya viini badiliko hilo hutokea ghafla kiasi kwamba nishati ya mstari unaofuata hupungua badala ya kuongezeka, na mchoro wa inesha dhidi ya kasi hujipinda kurudi nyuma.

Kwa hiyo nafasi ya mistari inatupa momenti ya inesha, na momenti ya inesha inachanganya mambo mawili: umbo la nje na namna chembe zinavyotiririka ndani. Anayetaka kudai kwamba ameona umbo la ajabu anapaswa kwanza kuonyesha kwamba jozi zimekwisha kuvunjika, au alete ushahidi wa aina nyingine. Tutarudi kwenye ushahidi huo, lakini kwanza ni lazima tueleze kwa nini kiini kirefuke hadi kufikia uwiano wa 2 kwa 1, wakati viini vilivyorefuka kwa kawaida huwa na urefu unaozidi upana kwa asilimia 30 hivi tu.

Dalili ya kwanza haikutoka kwenye mzunguko. Mwaka 1962, katika maabara ya Dubna huko Urusi, Sergei Polikanov na wenzake walikuta amerisi-242 ikipasuka yenyewe kwa nusumaisha, yaani muda wa nusu ya viini kupasuka, ya milisekunde 14 hivi, haraka kupita kiasi ikilinganishwa na viini vya jirani ambavyo huchukua miaka mingi sana. Miaka mitano baadaye Vilen Strutinsky alitoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa somo hili. Alichukua nishati ya kiini kama tone la kimiminiko, akaongeza masahihisho yatokanayo na jinsi chembe zinavyojaza matabaka yake, yaani makundi ya viwango vya nishati, na akaona kwamba njia ya kutoka umbo la kawaida hadi kupasuka ina vilima viwili, na katikati yake kuna bonde. Kiini kilichonaswa katika bonde hilo kimekwisha kupita kilima cha kwanza, kwa hiyo kimebakiza kimoja tu kabla ya kupasuka. Mwaka 1972 Hans Specht na wenzake walipima mfululizo wa mzunguko wa plutoni-240 ikiwa ndani ya bonde hilo la pili. Kigezo kinachopima nafasi ya vidato kilikuwa keV 3.3, wakati katika hali ya kawaida ya kiini hichohicho ni keV 7.2. Momenti ya inesha ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili bila kiini kuongezewa hata chembe moja.

Kwa nini bonde liwe pale hasa? Katika kiini cha mviringo, matabaka hujaa kwenye namba ambazo wanafizikia huziita za miujiza, kama 50, 82 na 126, na kiini chenye namba hizo huwa imara kuliko jirani zake. Ukikirefusha kiini, viwango vya nishati vya chembe huhama, vingine vikipanda na vingine vikishuka, na nafasi zilizokuwa kati ya matabaka huzibwa. Lakini urefu unapofikia uwiano wa namba nzima rahisi, na hasa 2 kwa 1, viwango hukusanyika tena na nafasi mpya kufunguka, zikiwa na namba zake nyingine za miujiza. Kwa umbo la 2 kwa 1 namba 66 ya protoni na 86 ya nyutroni ni miongoni mwa hizo, na hizo ndizo namba za disprosi-152. Kwa zebaki-192 ni 80 na 112. Nadhani hapa ndipo uzuri wa somo zima ulipo: umbo ambalo tone la kimiminiko lisingelichagua kamwe linashikiliwa na hesabu ya chembe tu.

Katika plutoni bonde hilo linapatikana hata pasipo mzunguko, kwa sababu protoni nyingi zinasukumana na kukirefusha kiini. Disprosi haina msukumo wa kutosha, kwa hiyo inahitaji msaada wa mzunguko. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha jinsi msaada huo unavyofanya kazi. Kwa spini 50, kiini cha mviringo cha ukubwa huo, kikichukuliwa kama kitu kigumu chenye inesha ya 60 hivi, kingehitaji takribani MeV 21 za nishati ya mzunguko. Umbo lenye inesha ya 85 linahitaji MeV 15. Hiyo ni akiba ya MeV 6, na katika fizikia ya viini MeV 6 ni nyingi. Umbo refu, ambalo katika utulivu ni ghali, linakuwa la bei nafuu kuliko mengine yote pindi spini inapopita 50 hivi, na mpangilio wa matabaka unahakikisha kwamba kiini kinapoanza kupunguza mzunguko hakiachi umbo hilo mara moja.

Ili kupata spini kubwa namna hiyo, kundi la Daresbury lilirusha viini vya kalsi-48 vikiwa na nishati ya MeV 205 kwenye bamba jembamba la paladi-108. Protoni 20 na 46 zinafanya 66, na chembe 156 zilizoungana hupoza joto kwa kutoa nyutroni nne, zikabaki 152. Pigo lisilolenga katikati ndilo linalokipa kiini kipya mzunguko mkali. Baada ya nyutroni kutoka, kazi yote iliyobaki ni ya mionzi ya gama, na ugumu wake ni kwamba katika viini vyote vya disprosi-152 vinavyotengenezwa, ni asilimia 1 hadi 2 tu vinavyopitia mfululizo wa umbo refu. Vilivyobaki hushuka kwa njia za kawaida na kumwaga mamia ya mistari mingine juu ya ile inayotafutwa.

Mafanikio yalitokana na vifaa. Vigunduzi vya gerimani hupima nishati ya gama kwa usahihi mkubwa, lakini mara nyingi mwonzi hugonga elektroni moja, ukaacha sehemu ya nishati yake na kutoroka, na hivyo kuongeza ukungu katika mchoro. Katika mfumo wa TESSA3 uliokuwa Daresbury, kila kigunduzi cha gerimani kilizungushiwa fuwele nyingine za kunasa mionzi iliyotoroka, na tukio lolote lenye mwonzi uliotoroka lilitupwa. Kisha watafiti wakatazama tu mionzi iliyofika kwa wakati mmoja katika vigunduzi tofauti: ukichagua mstari mmoja wa mfululizo, unaona wenzake wote wanaoshuka pamoja nao. Njia hiyohiyo, ikiwa imekuzwa, ndiyo iliyotumika katika Gammasphere, mfumo wa vigunduzi 110 vya gerimani uliozinduliwa huko Berkeley, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Barani Afrika, maabara ya iThemba karibu na Cape Town ina mfumo wa AFRODITE wa jamii hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye mashaka yetu. Momenti ya inesha ya 85 ingeweza kubishaniwa. Ushahidi wa pili ulikuja mwaka 1987 kutoka kwa kundi hilohilo, na haukutegemea nafasi ya mistari. Kiini kirefu kina chaji ya umeme iliyosambaa mbali na katikati, na chaji kama hiyo inapozunguka hutoa mionzi haraka zaidi. Kwa hiyo muda ambao kidato kinadumu unapima urefu wa mgawanyo wa chaji, jambo ambalo mtiririko wa ndani hauwezi kuliiga. Muda wenyewe ni mfupi sana, kuanzia takribani sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde katika vidato vya juu. Lakini viini vipya vinatoka katika mgongano vikikimbia, na vikiachwa vipunguze mwendo ndani ya metali, mstari wa gama utahama kidogo kwa athari ya Doppler kulingana na kasi ambayo kiini kilikuwa nayo kilipoutoa. Kutokana na kuhama huko walipata kipimo cha mgawanyo wa chaji kinachokubaliana na uwiano wa takribani 2 kwa 1. Kwa maoni yangu kipimo hiki, ambacho hutajwa mara chache kuliko ule mchoro wa mistari 19, ndicho kilichofunga hoja.

Inafaa kutaja pia kwamba “mfupi” hapa ni kwa saa zetu. Kiini kinachotoa mstari wa keV 1449 kinazunguka zaidi ya mara 1 ikifuatwa na sifuri 20 kwa sekunde, kwa hiyo kabla ya kushuka kidato kimoja kimekwisha kuzunguka zaidi ya mara laki moja. Kwa kipimo cha kiini chenyewe, hali hiyo ni ya kudumu.

Kilichochelewa kueleweka ni mwisho wa safari. Mfululizo wa mistari haufifii polepole. Unakatika ghafla katika hatua mbili hivi, wakati kiini bado kina spini ya zaidi ya 20. Hapo umbo refu limekuwa ghali tena, na kiini hupenya kizuizi kilicho kati ya mabonde mawili kwa njia ya kwanta na kutumbukia katika wingi wa hali za umbo la kawaida. Njia za kutoka hapo ni nyingi kupita kiasi, kila moja ikiwa na mionzi michache mno kuonekana, na matokeo yake ni kwamba kwa miaka kadhaa wanafizikia walikuwa na ngazi ndefu ya mistari wasiyojua imesimama juu ya nini. Hawakuwa na hakika ya nishati yake wala ya spini yake. Msomaji anaweza kujaribu kukisia: kwa kiini kinachozunguka kikamilifu, keV 602 ikigawanywa kwa 47 inapaswa kuwa sawa na mara nne ya spini ya kidato cha juu, ukitoa 2, ikigawanywa kwa 8. Jibu ni karibu 26, na kidato cha chini yake kingekuwa 24. Lakini makisio hayo yanadhani kwamba inesha haibadiliki kabisa, na tumeona kwamba katika urani hubadilika.

Kwa zebaki-194 daraja kati ya mabonde mawili lilipatikana mwaka 1996 kwa kutumia Gammasphere. Kwa disprosi-152 yenyewe ilibidi kusubiri hadi 2002, miaka 16 baada ya ugunduzi, pale Torben Lauritsen na wenzake walipoonyesha mwonzi mmoja wa keV 4011 unaoruka moja kwa moja kutoka mfululizo wa umbo refu hadi hali inayojulikana ya spini 27. Kwa mwonzi huo kidato cha chini kabisa kilipata anwani yake: MeV 10.6 juu ya hali ya utulivu, spini 24. Makisio mepesi yalikuwa sahihi, na usahihi wake unaeleza jambo la maana, yaani kwamba katika umbo hili kiini kinazunguka karibu sana na kitu kigumu, na athari ya jozi ni ndogo.

Limebaki fumbo moja ambalo ufafanuzi wa hapo juu unalifanya kuwa gumu zaidi. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba mfululizo mmoja wa terbi-151, kiini chenye protoni moja pungufu, una mistari inayolingana na ya disprosi-152 kwa tofauti ya keV 1 hadi 3 tu. Kupunguza chembe moja katika 152 kungepaswa kubadilisha inesha kwa zaidi ya asilimia 1, yaani takribani keV 15 kwenye mistari ya juu. Jozi nyingine za mifululizo pacha zilifuata katika eneo hilo na katika eneo la zebaki. Sehemu ya jibu ni kwamba protoni iliyoondolewa ilikuwa katika njia ambayo mchango wake kwa inesha, ukijumlisha uzito wake na jinsi inavyolivuta umbo, unakaribia kujifuta. Hilo linaeleza baadhi ya mapacha. Kwa nini wawe wengi kiasi hicho, na wafanane kwa usahihi unaozidi hesabu bora za nadharia, ni swali ambalo bado linajadiliwa, na wanaolifuatilia sasa wanatumia vifaa vya AGATA barani Ulaya na GRETINA nchini Marekani, ambavyo hufuata kila mgongano wa mwonzi ndani ya gerimani badala ya kuutupa uliotoroka.